Mechi Tatu na Vita vya Saa Mia: Kisa cha El Salvador na Honduras, 1969

Juni 1969 timu za taifa za El Salvador na Honduras zilicheza mechi tatu kuwania kufuzu Kombe la Dunia la Mexico 1970. Jioni ya Julai 14, wiki chache tu baada ya mechi ya tatu, ndege za El Salvador zilishambulia uwanja wa ndege wa Toncontín jijini Tegucigalpa, na askari wake wa miguu wakavuka mpaka. Mapigano yalichukua takriban saa mia moja. Waliokufa wanakadiriwa kuwa maelfu, wengi wao raia wa vijiji vya Honduras vilivyo karibu na mpaka. Waandishi wa habari wa nje waliviita Vita vya Soka, na jina likaganda hadi leo.

Jina hilo lina madhara mawili. La kwanza limeshasemwa sana: linawachora watu wa nchi mbili maskini kama wapuuzi waliouana kwa sababu ya mpira. Wanahistoria wamelipinga kwa miaka mingi, wakionyesha kwamba chanzo kilikuwa ardhi. La pili husemwa kwa nadra. Katika kulipinga jina, wengi wameufuta mpira wenyewe, kana kwamba zile mechi tatu ziliangukia tu mwezi mbaya. Mimi jina silikubali, na kufuta huko sikukubali pia. Ugomvi ulikuwapo kabla ya mpira, lakini ulikuwa ugomvi wa mkulima asiye na shamba na mwenye mashamba makubwa, kila upande na kwake. Ushabiki uliubadilisha mwelekeo. Kwa siku zisizozidi ishirini ulimfanya mkulima wa Honduras amtazame mkulima wa El Salvador kama mchezaji wa timu pinzani aliyeingia kwake bila ruhusa, na wenye mashamba wa pande zote mbili wakabaki hawatazamwi na mtu.

Kuona jinsi hilo lilivyotokea, inabidi tuanzie shambani.

Ardhi

El Salvador ni nchi ndogo, kilomita za mraba 21,000 hivi. Honduras ina 112,000, zaidi ya mara tano. Lakini mwaka 1969 El Salvador ndiyo iliyokuwa na watu wengi zaidi. Kwa wengi hesabu hiyo imetosha kueleza kila kitu: nchi imejaa, watu wamefurika kwa jirani. Ni nusu ya ukweli, na ni ile nusu inayompendeza mwenye shamba kubwa. Miaka ya 1881 na 1882 serikali ya El Salvador ilifuta kwa sheria ardhi za pamoja za vijiji ili kahawa ipate nafasi. Miteremko yenye rutuba ikaingia mikononi mwa koo chache ambazo watu wa nchi hiyo wamezoea kuziita Familia Kumi na Nne. Wakulima walipoinuka Januari 1932, jeshi la Jenerali Maximiliano Hernández Martínez liliwaua kwa maelfu. Makadirio ni kati ya 10,000 na 30,000. Baada ya hapo hakukuwa na mjadala wa ardhi tena. Asiye na shamba alikuwa na njia mbili, kuwa kibarua wa msimu wa kahawa au kuvuka mpaka.

Wengi walivuka. Makampuni ya Marekani ya ndizi, United Fruit na Standard Fruit, yalikuwa na mashamba makubwa kwenye pwani ya kaskazini ya Honduras na yalihitaji nguvu kazi. Wengine waliingia mapori yasiyo na mwenyewe, wakafyeka, wakapanda mahindi na maharage. Kufikia 1969 inakadiriwa Wasalvador 300,000 hivi walikuwa wakiishi Honduras. Wapo waliokwisha kukaa kizazi kizima, wakaoa na kuolewa na wenyeji, na watoto wao walizaliwa hapohapo. Wachache sana walikuwa na karatasi ya aina yoyote. Mpaka wenyewe, katika sehemu kadhaa, haukuwa umekubaliwa na serikali hizo mbili, kwa hiyo mtu angeweza kulima miaka yote asijue kwa uhakika yuko nchi gani.

Honduras nayo haikuwa na usawa. Ardhi nzuri ilikuwa ya makampuni ya ndizi na ya wafugaji wakubwa. Katika miaka ya 1960 wakulima wadogo walianza kujiunga katika vyama na kudai mashamba. Mwaka 1962 Rais Ramón Villeda Morales alipitisha sheria ya mageuzi ya ardhi. Oktoba 1963 Kanali Oswaldo López Arellano akampindua. Mwaka 1966 wenye mashamba makubwa na wafugaji waliunda shirikisho lao, FENAGH, na shirikisho hilo likapata jibu lililowafaa wanachama wake: anayembana mkulima wa Honduras ni Msalvador aliyevamia. Ndani ya sheria ya 1962 kulikuwa na kifungu cha kuwapa ardhi Wahonduras wa kuzaliwa peke yao. Kifungu hicho kilikuwa kimelala. Serikali ya López Arellano, iliyokuwa ikisumbuliwa na migomo mijini na uvamizi wa mashamba vijijini, ikakiamsha.

Januari 1969 mkataba wa uhamiaji baina ya nchi hizo mbili uliisha muda wake, na Honduras ikakataa kuuhuisha. Aprili, taasisi ya ardhi ya Honduras ilitangaza kwamba wasio Wahonduras wa kuzaliwa watanyang'anywa mashamba waliyoyapata bila kutimiza masharti. Mwezi Mei familia za kwanza zilifukuzwa. Tuutazame mpango huu kwa makini, maana kila kitu kinachofuata kimejengwa juu yake: mkulima wa Honduras anapewa ardhi, serikali inasifiwa kwa kuleta mageuzi, na hakuna mwenye ng'ombe elfu wala kampuni ya ndizi aliyepoteza hata heka moja. Anayelipa gharama yote ni mkulima mwingine.

Wafanyabiashara wa Tegucigalpa nao walikuwa na lao. Soko la Pamoja la Amerika ya Kati, lililoanzishwa 1960, lilikuwa limeineemesha zaidi El Salvador yenye viwanda, na maduka ya Honduras yalijaa bidhaa zake. Hivyo tajiri wa mjini na fukara wa kijijini walijikuta wakimlaumu jirani yuleyule kwa sababu mbili zisizohusiana hata kidogo. Kilichokosekana ni jukwaa la kuwakusanya pamoja.

Mechi tatu

Mechi ya kwanza ilichezwa Tegucigalpa, Jumapili ya Juni 8. Usiku wa kuamkia siku hiyo mashabiki wa Honduras walizingira hoteli ya wageni wao kwa kelele na honi ili wasipate usingizi. Mbinu hiyo inajulikana kila mahali mpira unapochezwa. Nadhani hakuna msomaji wa ukanda huu ambaye hajawahi kusikia ya timu ngeni kunyimwa usingizi. El Salvador walifungwa 1-0, bao likiingia dakika za mwisho kabisa.

Juni 15 marudiano yakapigwa San Salvador. Safari hii kila kitu kiliongezwa kipimo. Hoteli ya Honduras ilivamiwa, na inasimuliwa kuwa madirisha yalivunjwa na uchafu ukatupwa vyumbani. Wachezaji walifikishwa uwanjani kwa magari ya kijeshi. Inasimuliwa pia kuwa badala ya bendera ya Honduras lilipandishwa tambara. Wenyeji walishinda 3-0, na kocha wa Honduras, Mario Griffin, alinukuliwa akisema kuwa walikuwa na bahati kufungwa. Mashabiki wa Honduras waliokuwa wamesafiri walipigwa na magari yao kuharibiwa, wakakimbilia mpakani.

Hapa inaingia kanuni ambayo watu wengi huipita. Kwa hesabu ya leo El Salvador wangekuwa wamefuzu kwa jumla ya mabao 3-1 na habari ikaishia hapo. Lakini mwaka ule tofauti ya mabao haikuwavusha. Zilihesabiwa pointi, kila timu ilikuwa imeshinda mechi moja, na wakawa sawa. Ikabidi ichezwe mechi ya tatu kwenye uwanja usio wa yeyote, Azteca jijini Mexico, mwishoni mwa Juni. Kanuni hiyo ya mashindano iliwapa watu wa nchi mbili siku kumi na zaidi za kusubiri, redio zikivuma, magazeti yakichochea, na kila tukio la mpakani likisomwa kama habari ya maandalizi ya mechi.

Siku hizo kumi ndizo kiini cha kisa hiki. Habari za mashabiki kupigwa San Salvador zilipofika Honduras, hazikufika kama habari ya vurugu za uwanjani. Zilifika kama habari ya watu wetu kudhalilishwa na watu wao. Na "watu wao" walikuwa jirani tu, katika kijiji cha pili, wakipalilia mahindi. Wasalvador walishambuliwa majumbani, wakaporwa, wapo waliouawa, na kundi lililoitwa Mancha Brava likatajwa tena na tena katika vitendo hivyo. Maelfu wakaanza kutembea kurudi El Salvador na vilivyobaki vya mali zao. Juni 26 El Salvador ilivunja uhusiano wa kibalozi, ikisema Honduras imeshindwa kuwalinda Wasalvador wala kuwaadhibu wanaowadhuru.

Katika mechi ya Azteca dakika tisini ziliisha kwa sare ya 2-2. Katika muda wa nyongeza, dakika ya 101, Mauricio "Pipo" Rodríguez alifunga bao la tatu. El Salvador 3, Honduras 2.

Shabiki na mwananchi

Shabiki ana namna yake ya kuhesabu makosa. Kosa la mmoja ni la wote, na hatia haina haja ya kumfuata aliyeitenda. Inatosha kumpata yeyote mwenye jezi ile. Shabiki aliyepigwa mawe ugenini hamtafuti aliyempiga. Anasubiri timu ile ije kwake. Ndani ya mpira hesabu hiyo ina mipaka, kwa sababu ligi ina ratiba, mwamuzi ana filimbi, na dakika tisini zina mwisho. Utaifa unachukua hesabu ileile bila ratiba wala filimbi. Mkulima Msalvador aliyekuwa Honduras tangu ujana wake hakuwa amekwenda uwanjani, huenda hata matokeo hakuyasikia, lakini tarehe 16 Juni alikuwa shabiki wa timu ngeni katika nyumba yake mwenyewe.

Jambo la pili ni uwakilishi. Wachezaji kumi na mmoja wanapoingia uwanjani, kibarua wa kahawa na mwenye shamba la kahawa wanashangilia bao moja kwa sauti moja. Furaha ile ni ya kweli, na sioni sababu ya kuidharau. Kwa kibarua huenda ilikuwa furaha kubwa ya mwaka. Lakini ni furaha inayomwambia kwamba yeye na mwenye shamba wako upande mmoja, wakati kila kitu kingine katika maisha yake kinamwambia vingine. Serikali ya Jenerali Fidel Sánchez Hernández ilihitaji sana wakulima na wafanyakazi waamini hivyo. Mwaka mmoja kabla, 1968, walimu wa El Salvador walikuwa wamegoma na kuungwa mkono na umma. Sasa makumi ya maelfu ya wakulima wenye hasira walikuwa wanarudi katika nchi ambayo haikuwa na shamba la kuwapa. Ilikuwapo njia moja ya kuipokea hasira hiyo bila kugusa kahawa, nayo ni kuigeuza ielekee ilikotoka.

Nalisisitiza hili kwa sababu kufukuza wageni peke yake hakukuwa kitu kigeni duniani miaka ile. Novemba 1969 serikali ya Kofi Busia nchini Ghana iliwapa wageni wasio na vibali wiki mbili waondoke, na watu wengi sana wakafukuzwa. Mwaka 1970 serikali ya Milton Obote iliwaondoa Uganda maelfu ya vibarua na wafanyakazi Wakenya, wengi wao Waluo. Yote mawili yalikuwa dhuluma, na yote mawili yalizaa uchungu mkubwa. Hakuna lililozaa vita. Kuanzia kufukuzwa hadi kuvuka mpaka kwa vifaru kuna hatua, na hatua hiyo inahitaji umma uliokwisha kupangwa pande mbili, unaojua nyimbo zake, unaodai majibu. El Salvador ya Juni 1969 ilikuwa nao, umetoka uwanjani ukiwa moto.

Sisi tulio na Simba na Yanga tunaweza kujiuliza kwa nini uhasama wetu, wenye miaka karibu tisini, hausikiki ukiishia hivyo. Jibu rahisi ni kwamba mashabiki wa klabu hizo wamechanganyika: mume Simba, mke Yanga, watoto wamegawana, na kesho yake wote wanapanda daladala moja. Jibu hilo halinitoshi. Wasalvador na Wahonduras nao walikuwa wamechanganyika vitandani na mashambani. Tofauti iko kwenye sheria. Hakuna kifungu kinachosema shabiki wa Simba hawezi kumiliki shamba. Utani unabaki utani kwa sababu baada ya mechi hakuna ofisi ya serikali inayomsubiri mtu imuulize yeye ni wa timu ipi. Huko Honduras ofisi hiyo ilikuwapo, na ilianza kazi mwezi Aprili, kabla ya mpira. Ndoa mchanganyiko hazikuzuia kitu; ndizo zilizoumia zaidi, maana kufukuzwa kwa baba Msalvador kuliacha mama na watoto Wahonduras bila shamba, au kuliwalazimisha kuhamia nchi wasiyoijua.

Saa mia moja

Vita vyenyewe sitavikalia sana. Jeshi la El Salvador liliingia upande wa magharibi hadi Nueva Ocotepeque, na pia kwenye eneo la mashariki karibu na Ghuba ya Fonseca, kisha likakwama kwa upungufu wa mafuta na risasi. Jeshi la anga la Honduras lilijibu kwa kupiga maghala ya mafuta ya El Salvador, na Julai 17 rubani Fernando Soto aliangusha ndege tatu za adui kwa siku moja. Hutajwa kuwa mapambano ya mwisho duniani kati ya ndege za kivita za injini za pistoni. Julai 18 Jumuiya ya Nchi za Amerika ilipata usitishaji wa mapigano. El Salvador ilikataa kuondoka hadi ihakikishiwe usalama wa watu wake waliobaki Honduras, ikashinikizwa kwa tishio la vikwazo, na mwanzoni mwa Agosti ikaondoa askari wake.

Pande zote mbili zilitangaza ushindi. San Salvador askari walipokewa kama mabingwa. Honduras watu walijiona wamemzuia mvamizi, na ni kweli walimzuia, wakulima wengi wakipigana kwa mapanga na bunduki kuukuu. López Arellano na Sánchez Hernández, wote wawili waliokuwa wakichokwa na wananchi miezi michache nyuma, wakawa baba wa taifa kwa msimu mmoja.

Kisha hesabu halisi ikaja. Wasalvador kati ya 60,000 na 130,000 walikuwa wamerudishwa au kukimbia. Honduras ilifunga njia kwa bidhaa za El Salvador, na Desemba 1970 ikajitoa katika Soko la Pamoja, ambalo halikupata tena nguvu yake ya awali. Ile njia ya kupumulia iliyowapunguzia wenye kahawa shinikizo kwa miongo kadhaa ikazibwa. Waliorudi walikuta mashamba yamekamatwa kama walivyoyaacha. Sisemi kuwa vita vya 1969 ndivyo vilivyoleta vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1980 hadi 1992, vilivyoua watu wapatao 75,000. Sababu zake ni nyingi. Lakini kila maelezo makini ya vita hivyo hurudi kwenye ardhi, na hurudi kwa wale waliotembea kurudi kutoka Honduras.

Na mpira? El Salvador waliwatoa Haiti, wakaenda Mexico 1970, wakapoteza mechi zote tatu dhidi ya Ubelgiji, Mexico na Umoja wa Kisovieti, na hawakufunga hata bao moja.

Mto Sumpul, kisha Tegucigalpa tena

Kama utaifa wa 1969 ungekuwa hasa kile ulichojinadi, yaani taifa moja kuwalinda watu wake dhidi ya jingine, tungetarajia majeshi hayo mawili yabaki maadui. Mei 14, 1980, wanakijiji wa Chalatenango kaskazini mwa El Salvador, wakilikimbia jeshi la nchi yao, walijaribu kuvuka Mto Sumpul waingie Honduras. Wanajeshi wa El Salvador, Walinzi wa Taifa na wanamgambo waliwaua wasiopungua 300, wanawake na watoto wakiwamo. Tume ya Ukweli ya Umoja wa Mataifa ilieleza baadaye kwamba mauaji hayo yaliwezekana kwa ushirikiano wa jeshi la Honduras, lililowazuia watu kutua ng'ambo ya pili. Majeshi ambayo miaka kumi na mmoja nyuma yalipigana kwa jina la heshima ya wakulima wao yalikutana mtoni, na waliokuwa katikati walikuwa wakulima. Wakati huo nchi hizo zilikuwa hazijasaini amani. Mkataba ulisainiwa Lima Oktoba 30 mwaka huohuo, na sehemu za mpaka zilizobaki na utata zikapelekwa Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, iliyotoa hukumu Septemba 1992 na kuipa Honduras sehemu kubwa ya eneo lililobishaniwa.

Novemba 1981 timu sita za kanda hiyo zilikusanyika Tegucigalpa kugombea nafasi mbili za Kombe la Dunia la Hispania 1982. Uwanja ulikuwa uleule wa taifa ulioshuhudia mechi ya kwanza ya 1969. Honduras na El Salvador walikutana na kutoka sare ya 0-0. El Salvador waliwafunga Mexico 1-0, wakamaliza mechi zao wakiwa na pointi sita, na hatima yao ikabaki mikononi mwa Honduras: mechi ya mwisho ilikuwa Honduras na Mexico, na Mexico wakishinda wangewapita. Honduras walikuwa wameshafuzu na hawakuwa na sababu ya kujitesa. Ilikwisha 0-0. Mexico walitolewa, na majirani wawili wakaenda Hispania pamoja, El Salvador wakiongozwa na kocha aitwaye Mauricio Rodríguez, yule Pipo wa dakika ya 101. Bao lake la Azteca amelizungumzia kwa fahari ya mchezaji, na amesema wazi kwamba wenye mamlaka waliutumia ushindi ule kwa mambo yao.

Kwa anayetaka kupima uzito wa mpira katika kisa hiki, mashindano ya 1981 ni kipimo kizuri kuliko hoja zote. Wapinzani ni walewale, uwanja ni uleule, tiketi ni ileile ya Kombe la Dunia, na kumbukumbu ya vita ina miaka kumi na miwili tu. Kilichokosekana ni kazi ya kumpa shabiki. Honduras haikuwa tena na laki tatu za Wasalvador wa kuwatwisha lawama ya ardhi, na serikali ya El Salvador ilikuwa imeacha kutafuta adui wa nje, kwa kuwa ilikuwa inawapiga risasi wakulima wake waziwazi, kwa jina la vita dhidi ya ukomunisti.